Lithiamu, valproeti, kabamazepini na lamotrijini: dawa ipi ya baipola inamfaa nani

"Nesi, kati ya hizi ipi ndiyo yenye nguvu?" Hilo ndilo swali ninaloulizwa zaidi na ndugu wanaomleta mgonjwa wao kliniki ya afya ya akili, mara tu wanaposikia kwamba dawa za kusawazisha hisia si moja. Nawaelewa. Mtu amekesha wiki nzima na kijana asiyelala, vioo vya nyumba vimevunjwa, majirani wamechoka. Anataka dawa yenye nguvu, basi. Lakini dawa hizi nne zinapishana zaidi kwa tabia kuliko kwa nguvu. Kila moja ina upande wa ugonjwa inaoukamata vizuri, ina vipimo inavyodai, na ina dawa nyingine isizopatana nazo. Kwa hiyo nami huuliza yangu kabla ya kujibu: mgonjwa ana umri gani, ni mwanamke au mwanaume, anatarajia kuzaa, figo zake zikoje, anameza dawa gani nyingine, na kutoka kwake hadi kwenye maabara yenye kipimo ni mwendo gani. Majibu hayo ndiyo yanayochagua dawa.

Naandika kama muuguzi, wala simwandikii mtu dozi. Nataka ukikaa mbele ya daktari ujue cha kuuliza, na ukirudi nyumbani na boksi ujue umebeba nini.

Baipola ina pande mbili. Mtu akipanda halali, anaongea bila kituo, anagawa vitu vya ndani, anaanzisha biashara tatu kwa siku moja, na wengine nyumbani wanasema kapandisha mashetani. Akishuka ni sonona: haogi, hali, anajilaumu, anatamani kufa. Katikati ya vipindi hivyo anaweza kuwa mzima kabisa, anafanya kazi na kulea. Dawa basi ina kazi tatu: kumtuliza aliyepanda, kumwinua aliyeshuka, na kuzuia vyote viwili visirudi. Hakuna dawa kati ya hizi nne inayofanya kazi zote tatu sawasawa, na ukishalijua hilo uchaguzi unaanza kueleweka.

Lithiamu na valproeti

Hizi mbili ndizo zinazoshindanishwa mara nyingi, basi nianze nazo.

Lithiamu ni chumvi ya madini. Mwaka 1949 daktari John Cade wa Australia alichapisha habari za wagonjwa waliopanda na kutulia baada ya kupewa chumvi hiyo. Miaka ya 1950 Mogens Schou wa Denmark akaifanyia majaribio ya kisayansi, na Marekani ikaidhinisha kuitibia mania, yaani huko kupanda, mwaka 1970. Imezeeka kuliko wenzake wote, na bado kwa kazi ya kuzuia ugonjwa usirudi hakuna iliyoipita. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao BALANCE, uliowafuatilia wagonjwa 330 kwa muda wa hadi miaka 2: waliopewa lithiamu, peke yake au pamoja na valproeti, walirudiwa na ugonjwa mara chache kuliko waliopewa valproeti peke yake. Tena lithiamu ndiyo yenye ushahidi mkubwa zaidi kwamba inapunguza watu kujiua. Kwa familia ambayo imeshamkuta kijana wao na kamba mkononi, jambo hilo lina uzito kuliko mengine yote nitakayoyaandika hapa.

Inachodai lithiamu ni kipimo cha damu. Kati ya kiwango kinachotibu na kiwango kinachodhuru pana nafasi ndogo sana. Kwa kuzuia ugonjwa usirudi, wengi hulengwa kati ya 0.6 na 0.8 milimoli kwa lita. Aliyepanda anaweza kuhitaji 1.0 hivi. Kufika 1.5 dalili za sumu zinaanza kuonekana, na kupita 2.0 ni dharura. Kipimo huchukuliwa siku 5 hadi 7 baada ya kuanza au kubadilisha dozi, kisha kila wiki mpaka kitulie, baadaye kila miezi 3 kwa mwaka wa kwanza, halafu kila miezi 6 kwa aliyetulia. Pamoja nacho hupimwa figo, kalisi, na tezi ya shingoni, kwa sababu lithiamu ikikaa miaka mingi inaweza kuipooza tezi na kuzichosha figo.

Hapa kuna jambo dogo linaloharibu kazi kubwa, na ni vizuri kila familia ilijue. Damu inatakiwa itolewe saa 12 baada ya kumeza dozi ya mwisho. Amekuja kijana dereva wa bodaboda, saa nne asubuhi, msafi, amefuata kila alichoambiwa isipokuwa hilo: alikuwa amemeza kidonge saa moja kabla ya kutoka nyumbani. Damu kama hiyo ikipimwa, namba inatoka juu, daktari anapunguza dozi, na baada ya miezi miwili mtu anapanda tena kumbe dozi yake ya mwanzo ilikuwa sahihi. Tulimwomba arudi kesho. Utaratibu ni huu: unameza saa mbili usiku, unafika maabara saa mbili asubuhi bila kumeza, kidonge cha asubuhi kama unacho unakibeba mfukoni na kukimeza baada ya kutolewa damu. Na kwa wenzangu wanaotoa damu: vichupa vingi vyenye kifuniko cha kijani vina heparini ya lithiamu ndani yake, dawa ya kuzuia damu isigande. Damu ya mgonjwa wa lithiamu ikiwekwa humo, majibu yatakuwa ya uongo. Tumia kichupa kisicho na dawa hiyo.

Lithiamu pia haipatani na vitu vya kawaida kabisa. Brufen na diklofenaki, ambazo watu hujinunulia dukani kwa maumivu ya mgongo, hupandisha kiwango chake kwenye damu. Vivyo hivyo dawa kadhaa za presha: enalapril, losartan, na zile za kukojoza kama haidroklorothiazidi. Maumivu yakikushika, Panadol ni salama zaidi. Usiache chumvi ghafla kwenye chakula, maana mwili ukikosa chumvi hung'ang'ania lithiamu. Homa kali, kutapika, kuhara, kushinda juani bila maji, na zile dawa za kienyeji za kusafisha tumbo, vyote vinapandisha kiwango. Dalili za sumu ni mikono kutetemeka kwa nguvu, kutapika na kuharisha, kuyumba, ulimi kuwa mzito, kuchanganyikiwa. Ukiziona usimeze dozi inayofuata, na mpeleke mtu hospitali siku hiyohiyo.

Kwa sisi wa pwani kuna Ramadhani. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na wapo ambao daktari atawaambia waitumie ruhusa hiyo. Aliyetulia, mwenye figo nzuri, na ambaye daktari amekubali, kwa kawaida hupangiwa dozi moja ya usiku, anywe maji ya kutosha kati ya futari na daku, na apimwe kabla ya mwezi kuanza na tena ndani ya mwezi. Asijipangie mwenyewe. Na asiache dawa kimyakimya kwa sababu ya mfungo. Hilo ndilo hatari kuliko yote.

Valproeti, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Epilim, ilianza kama kimiminika cha kuyeyushia kemikali nyingine. Ilitengenezwa mwaka 1882, na miaka ya 1960 Wafaransa wakagundua kwamba inazuia degedege. Leo ni dawa ya kifafa na ya baipola. Uzuri wake kwa aliyepanda ni kasi: dozi inaweza kuongezwa ndani ya siku chache, na nafasi kati ya kutibu na kudhuru ni pana kuliko ya lithiamu, hivyo haidai kipimo cha damu cha mara kwa mara. Kabla ya kuanza hupimwa ini na chembechembe za damu, kisha hurudiwa baadaye. Inafaa pia pale ambapo kupanda na kushuka vimechanganyika kwa wakati mmoja, mtu analia huku mwili hautulii. Ubaya wake wa kila siku ni kunenepa, kutetemeka kidogo, na nywele kunyonyoka. Mara chache hushambulia ini au kongosho. Mtu akipata manjano au maumivu makali ya tumbo, asisubiri tarehe ya kliniki.

Kama mgonjwa angekuwa mwanaume mtu mzima tu, ningesema hizi mbili zinakaribiana, chagua kwa maabara. Lakini wagonjwa wetu wengi ni wasichana na akina mama, na hapo mizani inalala upande mmoja.

Mtoto aliyekuwa tumboni wakati mama anameza valproeti ana uwezekano wa karibu 1 kati ya 10 wa kuzaliwa na kasoro kubwa ya mwili, wakati kwa watoto wengine ni 2 au 3 kati ya 100. Miongoni mwa kasoro hizo ni mgongo wazi. Na watoto 3 hadi 4 kati ya 10 hupata matatizo ya ukuaji wa akili: kuchelewa kutembea, kuchelewa kuongea, shida ya kujifunza. Mgongo wa mtoto hufunga ndani ya wiki 4 hivi tangu mimba itunge, wakati ambao wanawake wengi bado hawajajua kama ni wajawazito. Foliki asidi haiiondoi hatari hii. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba valproeti isiandikiwe wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, na Januari 2024 Uingereza iliagiza kwamba mtu wa chini ya miaka 55, mwanamke au mwanaume, asianzishiwe dawa hii mpaka wataalamu wawili wakubaliane kwamba hakuna nyingine inayomfaa.

Jambo hili linaniuma, nalisema wazi. Bado wanafika wasichana wa sekondari na wa chuo wanaomeza valproeti miaka miwili, mitatu, na hakuna aliyewahi kuwaambia neno moja kuhusu mimba. Mmoja alifika na mama yake, na nilipouliza kama anatumia uzazi wa mpango mama akaniambia, "Mwanangu hajaolewa, nesi, hayo hayamhusu." Niliwaeleza wote wawili, taratibu, kwamba swali langu halikuhusu tabia ya binti. Linahusu dawa. Siku moja ataolewa, na hakuna atakayekumbuka kumwambia bwana harusi kwamba kidonge kile cha usiku kinatakiwa kibadilishwe kwanza. Ukiwa binti na umeandikiwa valproeti, una haki ya kuuliza: kwa nini hii na si nyingine? Na ukiwa tayari unaitumia, usiiache leo kwa sababu umesoma hapa. Kuiacha ghafla kunaweza kuleta kupanda upya, na kwa mwenye kifafa ni degedege. Nenda kliniki ukaombe kubadilishiwa kwa utaratibu, na kama kuna uwezekano wa mimba, nenda wiki hii.

Kabamazepini

Hii ndiyo wengi wanaiita Tegretol. Inatumika sana kwetu kwa sababu ni dawa ya kifafa, bei yake ni nafuu, na hospitali ya wilaya isiyo na lithiamu mara nyingi itakuwa nayo. Wajapani ndio waliotangulia kuonyesha, miaka ya mwanzo ya 1970, kwamba inatuliza mania. Inafanya kazi. Lakini kwa kuzuia ugonjwa usirudi ushahidi wake uko nyuma ya lithiamu, na ina tabia moja inayonifanya niiogope mahali kama hapa.

Kabamazepini hulichochea ini livunjevunje dawa haraka kuliko kawaida, zikiwemo nyingine anazomeza mtu na hata yenyewe, ndiyo maana dozi iliyotosha mwezi wa kwanza inaweza kupungua nguvu baadaye. Sasa tazama watu wanaokuja kliniki zetu wanameza nini. Mwanamke anayetumia vidonge vya majira au kijiti: kinga inapungua, anashika mimba akidhani yuko salama, na kabamazepini nayo huongeza hatari ya mgongo wazi, ingawa si kwa kiwango cha valproeti. Sindano ya Depo na kitanzi cha shaba havivurugwi, hivyo vinafaa zaidi. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, zile za TLD: dolutegraviri iliyo ndani yake inashuka, na inabidi aongezewe kidonge cha miligramu 50 saa 12 baada ya kile cha kwanza, la sivyo virusi vinaweza kupata nafasi. Mwenye malaria anayepewa dawa mseto ya ALu: kabamazepini huishusha nayo, na maelekezo ya dawa hiyo yanakataza zitumike pamoja. Kwa hiyo anayemeza Tegretol akienda kutibiwa malaria zahanati yoyote, neno la kwanza analolisema liwe hilo.

Yapo na mengine: upele, kizunguzungu, chumvi ya sodiamu kushuka kwenye damu hasa kwa wazee, na mara chache sana chembe nyeupe za damu kupungua hadi mwili ushindwe kupambana na maradhi. Homa pamoja na vidonda vya koo au mdomoni kwa mtu anayeitumia si za kupuuza. Maji ya balungi hupandisha kiwango chake, ayaache.

Inamfaa nani basi? Mwanaume ambaye hatumii ARV, au mama aliyeshapita umri wa kuzaa, anayeishi mbali na maabara, au ambaye figo zake zimekataa lithiamu, au ambaye ana kifafa pamoja na baipola. Kwa mtu huyo ni dawa nzuri na familia itaimudu.

Lamotrijini

Wapo wagonjwa ambao kupanda kwao ni kidogo na kwa nadra, ila sonona inawashika miezi na miezi. Kwa hao lithiamu inasaidia, valproeti kidogo, na lamotrijini ndiyo yenye sifa. Marekani iliidhinisha kwa kuzuia baipola isirudi mwaka 2003. Haimnenepeshi mtu, haimlazi, haimpumbazi. Wengi husema hawaisikii mwilini kabisa. Kwa mama mjamzito ndiyo inayotia wasiwasi mdogo zaidi kati ya hizi nne, ingawa mimba huishusha kwenye damu na dozi huhitaji kuangaliwa.

Ila aliyepanda usimpe ukategemea atulie. Haimtulizi. Na inaanzwa polepole mno: miligramu 25 kwa siku kwa wiki 2, 50 kwa wiki 2 zinazofuata, 100 kwa wiki moja, ndipo 200. Anayemeza valproeti pia huanza na nusu ya hapo, anayemeza kabamazepini huanza na mara mbili. Sababu ya taratibu hizi ni ngozi. Watu wachache, hawafiki 1 kati ya 100, hupata upele mbaya unaobabua ngozi, midomo na macho, na unaweza kuua. Kuharakisha dozi kunaongeza hatari hiyo. Upele wowote ndani ya miezi miwili ya mwanzo, simamisha na umwone daktari siku hiyo, hata kama jirani anasema ni joto.

Kanuni ya pili ndiyo inayoifanya dawa hii iwe ngumu kwetu: ukikosa dozi kwa zaidi ya siku 5, huruhusiwi kuendelea ulipoishia. Unaanza upya na 25. Na lamotrijini ni ghali kuliko kabamazepini, na huko wilayani mara nyingi haipatikani. Familia inauza mbuzi kununua boksi la kwanza, mwezi wa tatu fedha inaisha, dawa inakatika wiki mbili, kisha kijana anameza 200 kwa mkupuo akidhani anafidia. Kabla hujakubali kuandikiwa, nenda duka la dawa ukaulize bei ya mwezi mmoja, uizidishe mara sita, na uulize kama huwa wanaishiwa. Kama hesabu haikai, mwambie daktari palepale. Hakuna aibu.

Vidonge vya majira vyenye estrojeni hupunguza lamotrijini kwa karibu nusu, hivyo usivianze wala kuviacha bila kliniki kujua.

Dawa nyingine utakazozikuta kwenye cheti

Mtu aliyepanda sana hatasubiri lithiamu ifanye kazi, maana inachukua wiki moja na zaidi. Ndiyo maana utaona amechomwa haloperidoli au amepewa olanzapini siku ya kwanza. Olanzapini na kwetiapini siku hizi hutumika pia kwa muda mrefu kama dawa za kusawazisha, na kwetiapini inasaidia hata aliyeshuka. Olanzapini hunenepesha na kupandisha sukari, kwa hiyo pima kiuno na sukari mapema. Angalia zaidi kama mtu wa baipola amepewa amitriptilini au fluoksetini peke yake kwa sababu siku aliyoenda alikuwa ameshuka: dawa za sonona bila ya kusawazisha zinaweza kumrusha juu. Mwambie daktari kama aliwahi kupanda, hata kama ni mara moja na ni miaka kumi iliyopita.

Sasa tuwaweke watu mbele

Binti wa miaka 19 yuko chuo mjini, amepanda mara mbili na kuna siku alijaribu kujidhuru. Mimi ningetaka daktari azungumze lithiamu kwanza. Maabara iko karibu, figo zake ni changa, na ile kinga dhidi ya kujiua ni yake hasa. Mwanzoni vidonge vikae na mama au dada, apewe vya wiki moja moja, kwa sababu lithiamu nyingi kwa pamoja ni sumu. Valproeti kwake iwe ya mwisho kabisa.

Mvuvi wa miaka 35, anashinda baharini, anarudi baada ya siku tatu, maji ya kunywa ya kubahatisha, maabara ya lithiamu ni safari ya siku nzima. Huyu lithiamu inaweza kumdhuru bila yeye kujua. Valproeti au kabamazepini inaendana zaidi na maisha yake, na kama mkewe na yeye wanapanga mtoto, amwambie daktari pia, maana Ulaya tangu 2024 inawatahadharisha hata wanaume wanaotumia valproeti.

Mama wa miaka 56, presha, anameza losartan na haidroklorothiazidi, figo zimeanza kulegea. Lithiamu hapana, au kwa uangalizi wa karibu sana baada ya kubadilishiwa za presha. Umri wa kuzaa umepita, hivyo valproeti iko wazi kwake, ila aangalie uzito.

Mwanamke wa miaka 30 anayetumia TLD na anataka mtoto wa pili. Hapa naiondoa kabamazepini na valproeti zote mbili. Inabaki lithiamu au lamotrijini. Lithiamu katika miezi mitatu ya mwanzo ya mimba huongeza kidogo hatari ya kasoro za moyo wa mtoto, zaidi pale dozi inapokuwa kubwa. Haijakatazwa moja kwa moja, lakini inataka vipimo vya karibu, na madaktari wengi hawapendi anyonyeshe akiitumia. Lamotrijini ni nyepesi zaidi kama ugonjwa wake ni wa kushuka. Kama ni wa kupanda, haitamlinda vya kutosha, na wiki za baada ya kujifungua ndizo hatari kuliko zote kwa mwenye baipola. Mwanamke huyu apangiwe kabla hajashika mimba, daktari wa akili na wa uzazi wakae pamoja, na nyumbani awepo mtu wa kumshika mtoto usiku ili mama alale.

Na yule ambaye dawa yoyote imeshamtuliza vizuri miaka mitano, vipimo viko sawa, mimba si suala lake? Asibadilishiwe kwa sababu mtu kasoma makala.

Kuhusu kuacha: lithiamu ikikatwa ghafla, kupanda hurudi haraka na kwa nguvu. Daktari akikubali iachwe, hupunguzwa kwa wiki 4 angalau, na ikiwezekana kwa miezi 3. Maombi, dua, visomo, familia iendelee navyo. Dawa za kunywa kutoka kwa mganga, zitaje kliniki kwa majina yake, hatutakufukuza.

Siku ya kwanza kwenda kwa daktari beba haya: boksi au vidonge vya kila dawa anayomeza mgonjwa, ya presha, ya majira, ya ARV, hata ya mitishamba, tarehe ya hedhi ya mwisho kama ni mwanamke, daftari la usiku alizolala na ambazo hakulala kwa mwezi uliopita, na majina ya ndugu wa damu waliowahi kuugua hivi na dawa iliyowasaidia, kwa sababu iliyomfaa shangazi, hasa ikiwa lithiamu, mara nyingi humfaa na mpwa.